Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Mzigo Ukiharibika Njiani, Nani Hulipa?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Nairobi.

KUH: WABEBAJI WA MIZIGO KATIKA KAUNTI YA NYAMIRA NA NAMNA WANAVYOTUHUDUMIA

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, na kwa kutambua kwamba dakika zako ni mali ya taifa zima, naomba ruhusa nikuibie chache. Najua barua za wazi hufika mezani kwako zikiwa zimejaa lawama. Hii si mojawapo. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkulima mdogo wa majani chai na ndizi huku Nyamira Kaskazini, na malezi niliyopewa hayaniruhusu kumpazia sauti mtu aliyenizidi cheo. Nimekuja kukupongeza, kisha kukuarifu, na mwisho, ukinivumilia, kukuomba jambo moja dogo lisilohitaji mkopo wala jiwe la msingi.

Pongezi kwanza. Reli ya SGR ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikafika Naivasha mwaka 2019, na leo wataalamu wanaweza kueleza kontena fulani limetoka bandarini saa ngapi na liko wapi. Benki ya Dunia nayo ina kipimo chake cha ufanisi wa uchukuzi wa mizigo. Mwaka 2016 ilitupa nafasi ya 42 kati ya nchi 160. Mwaka 2018 ikatupa nafasi ya 68. Watu wasio na adabu huku kijijini husema tulishuka. Mimi huwajibu kwamba tuliwapisha wengine, kwa ukarimu wetu wa jadi.

Kipimo hicho hutazama mambo sita: forodha, miundombinu, usafirishaji wa kimataifa kwa bei ya ushindani, umahiri wa watoa huduma, uwezo wa kufuatilia mzigo, na kufika kwa wakati. Nimeyasoma yote sita kwa jicho la mtu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote, na sina la kupunguza. Nilitafuta tu, pengine kwa upungufu wangu wa kuona, swali la saba, ambalo huku kwetu ndilo huulizwa kwanza: mzigo ukiharibika njiani, nani hulipa?

Ili nisionekane nimekurupuka, naomba nikutembeze. Wasomi wa fani hii huwapanga wabebaji kwa madaraja. La kwanza ni mwenye mali anayebeba mali yake. La pili ni mwenye chombo anayebeba mali ya mwingine kwa nauli. La tatu ni anayepokea mzigo, akauhifadhi, akaufunga, akausafirisha na kuukabidhi. La nne ni yule asiye na lori wala ghala, ambaye kazi yake ni kuwapanga wengine wote. Nadhani waliotunga madaraja haya walikuwa wakiwaza makampuni ya Rotterdam na Singapore. Wangetutembelea wangeyakuta yote manne kati ya Nyaramba na Keroka, kabla ya saa sita mchana.

Naanza na daraja la kwanza, Mheshimiwa, kwa kuwa ndilo kongwe na ndilo lisilo na ofisi. Mbebaji wake mara nyingi ni mwanamke. Alfajiri anaingia shambani, anachuma majani mawili na chipukizi, anayatupa kikapuni mgongoni, na kikapu kikijaa anakimwaga na kuanza upya. Baadaye anajitwika gunia na kushika njia ya kituo cha kununulia majani. Nyumba yenye uwezo humtafutia punda, kwa sababu miteremko ya Gusii haiheshimu kila gari, na zipo njia ambazo hata boda huzitazama kutoka mbali na kuomba mteja apande kumfuata.

Sijui kampuni yenye rekodi kama ya mama huyu. Haghairi safari kwa sababu ya mvua. Bei ya mafuta ikipanda, nauli yake haipandi. Naye hawezi kukawia, maana majani yakishachumwa yanaanza kutoa joto, na yakishindiliwa ndani ya gunia yanaungua na kuwa mekundu kabla hayajaona kiwanda. Akiteleza kwenye udongo na gunia likamwagika matopeni, karani wa kituo atayakataa majani hayo, na atakuwa na haki kabisa. Hasara itarudi nyumbani na mwenyewe. Kwa hiyo katika daraja la kwanza swali langu lina jibu lililo wazi: mbebaji na mwenye mali ni mtu mmoja, naye hulipa yote. Na kwa kuwa hakuna amlipaye nauli, safari yake haiingii katika hesabu za mtu yeyote.

Daraja la pili lina kelele zaidi. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, hakuna steji huku kwetu isiyo na vijana wake. Wanabeba magunia ya majani, kreti za soda, mabati, mitungi ya gesi, saruji, mbuzi aliyefungwa miguu, na mitungi ya maziwa ya Borabu inayokimbizwa kwenye vyombo vya kupozea kabla jua halijawa kali. Yupo pia mwenye Probox, gari ambalo Wajapani walilitengeneza kwa shughuli za kawaida za ofisi na ambalo sisi tumelipatia elimu ya juu. Na wapo wenye kanta, wanaosubiri kando ya lami mizigo ishuke kutoka vilimani.

Naomba unisamehe nikimtetea boda mbele yako, maana najua anavyozungumziwa Nairobi. Kwa kipengele cha kufuatilia mzigo ningempa alama zote: nampigia simu, ananitajia kona aliyofika na mtu anayempita wakati huohuo. Kwa umahiri vilevile, kwani anajua lango la kila nyumba na mbwa wa kila lango. Hana karatasi ya kunipa, ila nina jina lake, la baba yake na la mwenyekiti wa steji yake. Akinitapeli leo, kesho hana steji. Hiyo ndiyo bima yetu, na dhidi ya wizi inafanya kazi vizuri sana.

Dhidi ya ajali haifanyi kazi hata kidogo. Kaunti hii hupata mvua ya kati ya milimita 1,200 na 2,100 kwa mwaka, na barabara nyingi za ndani ni udongo. Mvua ikinyesha nauli hupanda, nami simlaumu kijana, maana anayeona mnyororo wake ukisagika ni yeye. Lakini mtungi wa maziwa ukipinduka kwenye kona, ninachopata ni pole. Pole ni neno tukufu, Mheshimiwa, nami huipokea kwa shukrani, ila dukani haikubaliki. Hata nikimdai, atatoa wapi? Maziwa yaliyomwagika huenda yakazidi kipato chake cha siku nzima. Tunaachana kwa amani, kila mmoja akijua nani amelipa.

Sasa nakuleta kwenye daraja la tatu, ambako kuna sare, mizani na risiti, ukapumzike kidogo.

Mtoa huduma mkubwa wa daraja hili kwetu ni chai yenyewe. KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, ilianza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na ikawa kampuni mwaka 2000, na viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore na Nyansiongo ndivyo vinavyoamua ada za shule zitalipwa mwezi gani. Mpangilio wake ni wa kupendeza. Karani anapima, mkulima anapata risiti yenye kilo zake, majani yanatiwa kwenye mifuko yenye matundu na kuning'inizwa ndani ya lori ili yapate hewa. Kiwandani yanatandazwa yanyauke kwa saa nyingi kabla ya kusagwa, na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai.

Mtu angedhani kwamba baada ya mizani mkulima amekwisha kuutua mzigo wake. Lori likikwama usiku kucha, kilo zangu ziko salama kwenye risiti, ninazidai. Lakini kiwanda ni chetu sisi wenye hisa. Majani yaliyochelewa hutoa chai hafifu, chai hafifu huuzwa kwa bei hafifu kwenye mnada wa Mombasa, na bei hiyo hurudi vilimani ikiitwa bonasi. Hasara ya lori moja hukatwakatwa vipande vidogo mno, kila mwenye hisa akapewa chake, na hakuna anayekiona. Barabara isiyopitika usiku mmoja husomeka Mombasa kama ubora wa chini. Sijapata kusikia bonasi ikisomwa na mtu akaitaja kona fulani ya matope kwa jina.

Mkono wa pili wa daraja la tatu ni ofisi za vifurushi: Posta, makampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mabasi ya usiku yatokayo Kisii kwenda Nairobi. Kwa wakati wanajitahidi sana. Unatuma jioni, na asubuhi mwenzako Nairobi anapata ujumbe kwenye simu kwamba mzigo umefika.

Kampuni moja, ambayo adabu hainiruhusu kuitaja, ilipokea kutoka kwangu kinyago cha jiwe la Tabaka, nikimpelekea binti yangu zawadi ya nyumba mpya. Kilifika vipande viwili. Nilipokwenda kuuliza, karani, kijana mpole mwenye shati safi, aliigeuza risiti yangu akanionyesha maneno madogo nyuma yake: mzigo husafiri kwa hatari ya mwenyewe. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba kwa kuwa vipande vyote viwili vilifika, hakuna kilichopotea.

Nikatoka pale nikiwa nimeelimika, na elimu hiyo naomba tuishiriki. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kenya iliirithi sheria ya mapokeo ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na katika sheria hiyo mtu aliyejitangaza kuwa mbebaji wa umma alichukua dhamana ya mzigo tangu alipoupokea. Ukipotea au ukivunjika, alilipa, isipokuwa kwa visa vichache kama mkono wa Mungu au maadui wa mfalme. Majaji wa zamani walikuwa na sababu: mwenye mali haandamani na mzigo wake, hajui yanayotendeka usiku barabarani, na akiambiwa athibitishe kosa la dereva hataweza kamwe. Basi wakamtwika mzigo huo anayejua. Ni fikra nzuri, Mheshimiwa. Huku kwetu inaelekea kufutwa na mstari mmoja wa wino uliopigwa nyuma ya risiti.

Baharini hawakukubali. Mwaka 1924 mataifa yaliandikiana Kanuni za Hague, ambazo zinamwekea mwenye meli wajibu ambao hawezi kuukwepa kwa kuandika tu kwamba hataki. Nahodha hutoa hati ya shehena inayosema nini kimepakiwa, kiasi gani, na kwa nje kilionekana kikiwa katika hali gani. Kwa hiyo kinyago cha Tabaka kinachouzwa Ulaya hupata mlinzi wa kisheria siku kinapopanda meli Kilindini. Kabla ya hapo, kutoka Tabaka hadi Kilindini, kina nyasi kavu na gazeti la zamani.

Daraja la nne nalieleza kwa uangalifu, kwa sababu huyu ndiye hutukanwa zaidi kwenye mikutano ya hadhara, na mtu mwenye staha hapaswi kujiunga na kundi. Ni broka. Mali yake ni simu mbili na daftari. Hupita mashambani huko Magombo na kwingineko, hutazama mkungu ungali mgombani, hutaja bei kwa macho bila mizani, na kama mama ana karo ya kulipa kesho, bei hiyo hukubaliwa. Siku ya mzigo huita boda wa kushusha mikungu hadi barabarani, kanta ya kuikusanya, vijana wa kupanga na kutandika majani makavu ya migomba katikati, na lori la usiku la kwenda soko la Marikiti, Nairobi, kwa njia ya Keroka, Sotik, Bomet, Narok na Mai Mahiu. Wakulima wengi ambao hakuna hata mmoja angeweza kujaza lori wanajikuta wamejaza lori. Kwa vitabu vya fani hii, huo ni umahiri wa hali ya juu.

Kwa miaka mingi nilidhani bei yake ya chini ni uroho mtupu. Uroho haukosi, lakini si wote. Ndizi ina tabia mbaya: ikigongwa ikiwa mbichi haionyeshi. Jeraha huonekana siku kadhaa baadaye, ikianza kuiva, wakati mkungu umepita mikononi mwa boda, wa kanta, wa lori na wa mpakuzi, na wote wamekwisha kulipwa. Hakuna wa kuulizwa. Kwa kuwa broka ameununua mzigo shambani, anayebaki na ndizi nyeusi ni yeye. Ndiye peke yake katika msafara wote ambaye hupoteza pesa mzigo ukiharibika, na kwa kuwa hana wa kumdai nyuma yake, hujilipa mbele: hukata hasara ya kesho kwenye bei anayompa mama leo. Mvua ikiwa kubwa hukata zaidi. Wanaosema broka ndiye amfanyaye mkulima maskini wanasema nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba yeye hukusanya, mkononi taslimu, bei ya uzembe wa watu wote ambao hawawajibiki.

Hivyo ndivyo madaraja manne yanavyokutana mahali pamoja. Mama hubeba hasara mwenyewe. Boda hutoa pole. Kiwanda huigawa. Ofisi ya vifurushi huiandika nyuma ya risiti. Broka huikata mapema. Wabebaji ni tofauti, viwango vya huduma ni tofauti, lakini kila anayetoza nauli hulipwa kamili, na hasara huhesabiwa kwa mtu yuleyule aliyeamka alfajiri.

Mheshimiwa, hapa nakohoa kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu yupo mbebaji wa daraja la tano, na sikujua nimtaje vipi bila kuonekana nimevuka mpaka.

Yeye hana lori, lakini hakuna lori lisilompitia. Nauli yake hulipwa kabla ya safari. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli inayonunuliwa Kenya hutoa shilingi 25 kwa ajili ya matengenezo ya barabara, kutoka shilingi 18 za awali. Boda wa Nyaramba huzilipa akitia mafuta ya mia mbili. Dereva wa lori la ndizi huzilipa kwa kila lita ya kupandia Mai Mahiu. Nimesoma pia kwamba shilingi 7 kati ya hizo 25 ziliwekwa rehani mwaka 2025 ili wakandarasi wa zamani walipwe madeni yao, jambo la kiungwana, maana deni ni deni. Basi, kwa unyenyekevu mkubwa, nimelazimika kukuandika wewe na serikali yako tukufu katika orodha ya watoa huduma za uchukuzi wa Nyamira, na kwa kuwa mnachukua nauli kwa kila mzigo, mmekuwa nambari moja.

Utendaji wenu siwezi kuupa alama. Mimi ni nani? Nitataja tu mambo yanayojulikana. Machi 2018, ardhi ilipasuka baada ya mvua kubwa na barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok ikakatika. Hiyo ndiyo njia yetu ya Nairobi. Barabara ilijazwa mawe na udongo, magari yakapita tena, na tunashukuru. Huo kweli ulikuwa mkono wa Mungu, na hata majaji wa zamani wangemsamehe mbebaji. Lakini kona ya matope inayokwamisha lori la chai kila msimu wa mvua ndefu, mahali palepale, mwezi uleule, sidhani Mungu angependa tuendelee kumsingizia.

Najua utakavyonijibu, na jibu lako litakuwa sahihi. Utasema barabara hiyo si yako. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu za barabara, KeNHA, KURA na KeRRA, na Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara zake. Gunia likitoka shambani kwangu huweza kuanza safari mikononi mwa kaunti, likaingia kwa KeRRA na kumalizia kwa KeNHA kabla ya chakula cha mchana, bila lenyewe kujua heshima lililopata. Lakini shilingi 25 hazikuulizwa zinatoka barabara ya nani. Zilikatwa kituoni, zote pamoja, kwa bomba moja.

Sasa ombi langu, ambalo nimelishikilia kama mtoto aliyetumwa kwa jirani.

Naomba karatasi. Naomba kila anayepokea nauli ili abebe mali ya mwingine atoe hati ya mzigo yenye mistari minne: ni nini kimepokelewa na kiasi gani, kilikuwa katika hali gani, kimepokelewa saa ngapi na kinatarajiwa kufika lini, na nani anawajibika hadi kitakapokabidhiwa kwa mwingine, ambaye naye atatia sahihi yake. Naomba pia ofisi yako na wenzako wanaotoa leseni watamke kwamba maneno ya nyuma ya risiti hayawezi kuifuta hati hiyo, angalau kwa kiasi cha fedha ambacho mteja amekitaja wakati wa kutuma. Mambo sita ya Benki ya Dunia yatakuwa yameingia kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja, na la saba juu yake.

Kwa boda ujumbe wa simu utatosha. Watu hawahawa wametumiana pesa kwa M-Pesa tangu 2007 na wanajua ujumbe ni ushahidi. Na kama ni kweli kwamba kijana mmoja hawezi kulipa mtungi wa maziwa, ni kweli pia kwamba steji nyingi huchanga kila wiki kwa ajili ya mwenzao aliyeumia au kufiwa. Mfuko wa aina hiyo ukiwekewa sehemu ndogo ya mizigo, mtungi utalipwa na kijana hatavunjika. Vijana hao wamekwisha jifunza kubebana. Wamebakisha kubeba mzigo wangu pamoja nao.

Wataalamu watakuonya kwamba nauli zitapanda, na ni kweli, zitapanda. Mtu akijua atalipa akivunja, atatoza zaidi, na pia atatandika nyasi zaidi, atafunga kamba vizuri zaidi na atakataa gunia la tatu juu ya pikipiki. Lakini mkulima analipa tayari. Analipa kwenye bei ya broka, analipa kwenye bonasi, analipa kwenye matope. Tofauti ni kwamba malipo ya sasa hayamfanyi mtu yeyote abebe vizuri zaidi kesho.

Na kwa kuwa serikali ni mbebaji nambari moja, tungefurahi mno kama ingekuwa ya kwanza kutia sahihi. Hatuhitaji sherehe. Ubao wa mbao kwenye kila kituo cha kununulia majani unatosha: barabara hii ni ya nani, ilichongwa mara ya mwisho lini, itachongwa tena lini, na lori likikwama apigiwe nani simu. Mistari minne, kama ya boda. Kama kuna mtu atakayesema kwamba hilo haliwezekani kwa mamlaka yenye wahandisi na magari, naomba asiseme mbele ya vijana wa steji.

Nimemaliza, Mheshimiwa. Kama kuna neno lililopanda juu kuliko cheo changu, lichukulie kuwa ni uzee. Ukipata nafasi ya kujibu, mkabidhi jibu lako boda yeyote wa steji za Nyamira. Litafika siku hiyohiyo na atanipigia simu akiwa kwenye kona. Ukiamua kulituma kwa njia nyingine, nakuomba, kwa heshima zote, uandike juu ya bahasha ni nani atakayelipa likipotea.

Ni mimi wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu, mkulima wa majani chai na ndizi,
Nyamira Kaskazini.